Mchezo wa Mkono wa Sweta

Mtaa mzima ulimwita Mzee Sekunde, na jina lenyewe alilistahili. Miaka arobaini na mitatu alikuwa fundi saa kwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la posta, na hata alipostaafu hakuacha kazi. Meza aliihamishia sebuleni karibu na dirisha, pamoja na vibano vyake, kioo chake cha jichoni na kopo la mikanda ya ngozi. Ukimwuliza saa ngapi, hakuambii saa nne na ushee. Anakuambia saa nne na dakika kumi na saba, halafu anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe mtoto wa mbwa akae naye nyumba moja. Kichekesho kitupu.

Mtoto wa mbwa alitoka kwa mshonaji wa nyumba ya tatu, ambaye jike lake lilizaa sita na yeye akawa anawagawa kwa kila aliyepita mlangoni. Mjukuu wa Mzee Sekunde, msichana wa miaka tisa waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi ya shavuni, alilia siku tatu mfululizo mpaka mama yake akasalimu amri. Siku ile ya kwanza, kabla hata hajawekewa maji, yule mbwa alizunguka kochi mara kumi na moja (mzee alihesabu), akang'ata kisigino cha mama mtu, akang'ata kidole cha Kidoti, akamalizia kwa kuutafuna mkanda wa saa ya mwalimu mkuu uliokuwa unangoja kushonwa. Jina likapatikana hapohapo: Kiwembe.

Mtu asije akadhani alikuwa mkali. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa na furaha kupita kiasi, na furaha yote ilimtokea kwenye meno, meno ya utoto yale, membamba na yenye ncha. Ukimpapasa anakung'ata. Ukikimbia anakufuata anakung'ata. Ukipiga kelele ndiyo kabisa, anaona mchezo umekolea. Ikifika saa kumi na moja jioni anapandwa na wazimu, masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu, anapiga mbio kutoka jikoni mpaka uani mpaka jikoni, na atakayekutana naye njiani shauri yake.

Nyumba ingevumilia. Tatizo lilikuwa Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa dada wa pekee wa Mzee Sekunde, amemzidi miaka saba. Alikuwa ameishi peke yake tangu mumewe afariki, akijigamba kwamba hahitaji mtu, mpaka alipoanguka bafuni na kulazwa. Madaktari wakamwanzishia dawa za kuzuia damu isigande, na ikaamuliwa kwamba akiruhusiwa aje kukaa kwa mdogo wake. Binti wa Mzee Sekunde, mama yake Kidoti, alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, mwanamke asiye na mzaha na kidonda, na yeye ndiye aliyeeleza maana ya dawa hizo. Shangazi akikwaruzwa kidogo tu, alisema, damu haisimami upesi, na ngozi yenyewe sasa imekuwa laini. Anakuja Jumapili baada ya ijayo.

"Baba, mimi sina ugomvi na mbwa," alisema. "Lakini nikiona jino limemgusa Shangazi, siku hiyohiyo anaondoka. Mlinzi wa ghala anatafuta mbwa wa kufunga getini. Nimeshachukua namba yake."

Kidoti akaangua kilio. Lile neno kufunga lilimchoma Mzee Sekunde rohoni, tena lilimchoma mahali pa zamani sana. Usiniulize ni wapi, tutafika.

Akaamua kumfundisha mbwa mwenyewe. Alimfuata mshonaji, ambaye alikuwa amelea mbwa maisha yake yote, akarudi na maelekezo, na kumbe maelekezo yenyewe yalifanana na kazi aliyoijua. Fundi saa hashindani na springi. Ukiivuta kwa nguvu inakurukia usoni, ukitulia inatulia. Basi na mbwa hivyohivyo. Akikung'ata, usivute mkono, maana mkono unaokimbia ndio unaofukuzwa. Usimpige, usimbane mdomo, usipayuke. Uache mkono ulegee kama umekufa, sema "basi" mara moja kwa sauti ya kawaida, inuka, toka, funga mlango. Sekunde thelathini. Rudi kana kwamba hakuna kilichotokea, mpe kitu chake halali cha kutafuna. Akirudia, toka tena. Na kabla ya ile saa ya wazimu apelekwe matembezi, anuse kila nguzo na kila jiwe, kisha alazwe, kwa sababu mbwa mdogo aliyechoka ana kisirani kuliko mtoto mchanga.

Sekunde thelathini! Hapo ndipo mzee alipojiona yuko nyumbani. Alining'iniza saa ya mshale mwekundu kwenye kila mlango. Binti yake alipohesabu kwa kichwa akafungua baada ya ishirini na mbili, alirudishwa nje. Kitambaa kilichofungwa mafundo kililowekwa na kuwekwa kwenye barafu ili fizi za Kiwembe zipoe, na siku moja mama mtu nusura akipike akidhani ni nyama. Nyumba nzima ikawa watu wanasimama nyuma ya milango wakitazama ukutani. Jirani mmoja alipiga hodi, akamwona mwenye nyumba amesimama barazani kimya, jicho kwenye saa, akaondoka bila kuuliza.

Pia alifungua daftari. Saa inayopoteza majira huwezi kuitengeneza kwa kubahatisha, lazima uandike inapoteza lini na kwa kiasi gani. Akaandika: siku, saa, mkono wa nani, ulikuwa unafanya nini. Siku ya kwanza Kiwembe aling'ata mara ishirini na sita. Siku ya nne mara kumi na tatu. Siku ya nane mara nne. Mzee akaanza kupiga mluzi akiwa mezani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mkewe alipokuwa hai.

Lakini zile nne hazikushuka. Siku ya tisa, nne. Siku ya kumi, nne. Akavaa kioo cha jichoni kwa mazoea tu, akalipitia daftari mstari kwa mstari. Mkono mtupu, Kiwembe alikuwa ameacha kabisa. Ungeweza kumwekea kidole puani akakulamba. Waliokuwa wanang'atwa ni waliovaa mikono mirefu. Binti yake akitoka zamu asubuhi na sweta yake ya kazini. Yeye mwenyewe na koti. Mshonaji alipokuja na kanzu.

Alipoona hivyo hakuwa na haja ya kuandika tena. Alijua anachokitazama. Alikuwa amekiona miaka sitini na moja iliyopita.

Walikuwa na mbwa nyumbani kwao, wakamwita Karani, kwa sababu alikaa mlangoni akimtazama kila anayeingia kama vile anamwandika. Mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekunjika. Alikuwa wa familia lakini kwa kweli alikuwa wa kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane na hakuwa Sekunde wala dakika. Baba yao alikuwa na sweta ya kijani iliyochakaa, na mtoto akiivaa ilimfika magotini, mikono yake ikaning'inia. Mchana, dada akiwa na vitabu vyake ndani, mtoto na Karani walikwenda nyuma ya tangi la maji wakacheza mchezo wao. Mtoto anaficha mkono ndani ya sweta, mkono mtupu unabembea, Karani anauruka, anauvuta, wanavutana, kisha ghafla mtoto anachomoza vidole na Karani anavishika kwa meno, taratibu kabisa, kana kwamba anashika yai. Walicheka wote wawili. Mpaka leo Mzee Sekunde angekuapia kwamba yule mbwa alicheka. Harufu ya ile sweta, moshi na sabuni ya kipande, aliweza kuivuta puani akiwa amekaa popote, na akiivuta alitamani kulia.

Jioni moja manyunyu yalianza, dada akaitwaa sweta ya kwanza aliyoiona, akatoka kuanua nguo. Karani aliona sweta ya kijani na mkono unaobembea. Ila ndani ya mkono ule kulikuwa na mkono. Dada alishonwa nyuzi tatu kwenye kiganja. Baba yao hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mbwa aliyeng'ata mtoto wangu halali hapa, na kesho yake mapema mwenye kiwanda cha mbao akaja na pikapu. Kitinda mimba alijificha nyuma ya tangi. Alimwona Karani amesimama juu ya pikapu akimtafuta kwa macho, na alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: Baba, ni mimi niliyemfundisha. Pikapu ikakata kona.

Hakuisema siku ile wala siku nyingine yoyote. Hakuuliza Karani alifika wapi, maana kuuliza kungekuwa kujitaja. Barabara ya kiwanda cha mbao hakuipita tena, akazunguka miaka yote hiyo. Na akilini mwake Karani alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo, akifa polepole.

Basi siku ile ya kumi alilifunga daftari, akavua viatu, akanyata kwenda uani. Alisikia kicheko kabla hajafika. Nyuma ya tangi la maji, Kidoti, bado na sweta ya shule, ameficha mkono, mkono wa sweta unabembea, Kiwembe ananing'inia.

"Mkono umekwenda wapi?" mtoto alikuwa akiimba. "Mkono umekwenda wapi?"

Maneno hayo yalikuwa ya mzee mwenyewe. Kidoti alipokuwa wa kubebwa, anapogoma kula, babu yake alikuwa akiuvuta mkono ndani ya koti na kumwuliza hivyohivyo, mkono umekwenda wapi, kisha anachomoza vidole na mtoto anacheka na kufungua mdomo. Hakuna aliyemfundisha Kidoti mchezo huu ila yeye. Alikuwa ameutoa nyuma ya tangi moja na kuuleta nyuma ya tangi lingine.

Kidoti alipomwona alinywea. Akamsihi asimwambie Mama, kwa sababu Mama angempigia mlinzi wa ghala papo hapo. Na Mzee Sekunde, mtu mzima, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akakubali. Walipatana watamwachisha Kiwembe wao wenyewe kimyakimya kabla ya Jumapili. Siku nne. Walivaa masweta yote ya nyumba wakakaa uani na joto lile, mikono imelegea, wakisema "basi", wakitoka, wakirudi. Jumamosi alishika mara moja tu. Mara moja si haba, mzee alijiambia. Lakini moyoni alijua anajidanganya, na alijua pia kwamba kwa mara ya pili maishani mwake amejificha nyuma ya tangi.

Alipanga kitu rahisi: dada akifika, amwombe avue sweta. Basi. Nani avae sweta na joto hili?

Mtu aliyelala hospitali wiki tano, ndiye anayevaa. Jumapili saa tano na dakika arobaini teksi ilisimama, na Dada Mkubwa akashuka kwa fimbo, amepungua mpaka mdogo wake akashtuka, na amevaa sweta ya kijivu yenye mikono mirefu iliyofunika viganja. Alisema anaona baridi. Alisema tangu hospitali baridi haimtoki mifupani. Mzee akafungua mdomo amwombe, akaona alivyojikunyata, akaufunga. Binti yake alikuwa anashusha begi. Kidoti alikuwa amemshika Kiwembe kwa mikono miwili, lakini ule mkono wa kijivu ulibembea mlangoni, na mtoto wa mbwa akateleza kama sabuni.

Alimrukia. Meno yakashika sweta chini kidogo ya kiganja.

Binti alipiga ukelele, akaangusha begi. Kidoti aliziba macho. Aliyetulia alikuwa mmoja tu. Dada Mkubwa aliegemea fimbo, akaulegeza ule mkono, hakuuvuta hata kidogo, akamtazama mbwa anavyovuta kitambaa kitupu, maana vidole vyake alikuwa amevirudisha ndani muda mrefu. Kiwembe alivuta, akaona hapavutiki, akaachia, akakaa chini akishangaa.

Binti aliukagua mkono ule mbele na nyuma. Hapakuwa na tone la damu. Hata hivyo akaitoa simu mfukoni. Alisema alishaonya, alisema angekuwa mwingine leo wangekuwa wanarudi hospitali, na kwamba amechoka kuishi na mnyama asiyefundishika.

"Huyu kafundishwa," alisema Dada Mkubwa. "Kafundishwa vizuri sana. Huu ni mchezo wa mkono wa sweta."

Binti akauliza kafundishwa na nani. Kidoti alikuwa ameinamisha kichwa, kidoti chake cha shavuni kimelowa machozi, na Mzee Sekunde alipomtazama alijiona yeye, wazi kabisa, akiwa na miaka minane.

"Na mimi," alisema. "Huyu, na yule mwingine. Dada, Karani ni mimi niliyemfundisha. Kile kidonda chako ni changu. Nilikuwa nyuma ya tangi siku wanamchukua, na sikusema."

Binti hakuelewa, akawatazama mmoja mmoja. Kabla hajauliza, Kidoti alisogea mbele akasema babu anamkingia kifua, aliyekuwa akicheza na Kiwembe ni yeye, kila siku akitoka shule, na babu alimkuta ndiyo wakaanza kumwachisha. Alisema yote kwa pumzi moja, kisha akangoja kugombezwa. Mama yake aliitazama simu mkononi. Mwishowe akaketi juu ya begi lilelile aliloliangusha.

"Kwa hiyo mlijua wote wawili," alisema. "Mkamleta Shangazi kwenye meno mnajua."

Dada Mkubwa ndiye aliyeamua, kwa sababu mkono ulikuwa wake. Alisema kilichofundishwa kinafundishwa upya, wampe mbwa wiki mbili nyingine, na yeye atakaa chumbani na mlango umefungwa mpaka huyo mwenye meno ashike adabu. Sweta havui, asitake mtu kumchosha. Binti alikubali kwa shingo upande, akamwambia Kidoti kwamba kuanzia leo tangi la maji asilisogelee hata kwa kiu, akairudisha simu mfukoni, akalipeleka begi chumbani. Kidoti alimkumbatia Kiwembe, na Kiwembe kwa shukrani akajaribu kumng'ata sikio. Mtoto akasema "basi", akainuka, akatoka, akafunga mlango.

Walibaki ndugu wawili, na mbwa katikati yao ameduwaa mbele ya mlango.

"Nilijua," alisema Dada Mkubwa. Aliketi polepole kwenye kochi. "Dirisha langu la kusomea lilikuwa linatazama tangi. Nilikuwa nawaona kila siku."

Mzee Sekunde aliuliza mbona hakusema kwa baba. Dada yake akasema angepata fimbo yeye, tena mbwa angeondoka vilevile, baba yao walimjua. Kisha akaukunja mkono wa sweta, na lile kovu la nyuzi tatu likaonekana, jeupe, dogo kuliko mzee alivyolikumbuka.

Basi akapiga moyo konde. Miaka sitini na moja swali lilikuwa limekaa kifuani, na alipolitoa lilikuwa fupi sana.

"Alikufa vibaya?"

Dada yake alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Karani? Afe vibaya kwa lipi?" Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mgonjwa. "Mimi nilikuwa napita pale kiwandani kila siku nikienda shule, na baadaye kazini. Hakufungwa hata siku moja. Alikuwa analala juu ya maranda ya mbao, amenenepa mpaka shingo hana. Kaishi miaka tisa pale. Na yule bwana wa mbao, masika yote yale, sikuwahi kumwona na sweta yenye mikono miwili. Mmoja lazima umeng'olewa. Watu wakimcheka anasema, mwacheni mzee Karani, ndio mchezo wake."

Mzee Sekunde alikaa pembeni yake, akajaribu kucheka, ikawa kilio. Alilia bila kuficha uso, kwa ajili ya mbwa mnene wa kwenye maranda ambaye angeweza kwenda kumwona siku yoyote, ni mwendo wa nusu saa, angevaa ile sweta ya kijani wakavutana. Dada Mkubwa alimshika bega, akamwacha amalize.

"Ningekuambia siku yoyote," alisema. "Hukuniuliza, mdogo wangu. Nikadhani ulimsahau."

Nje ya mlango Kidoti, aliyekuwa ameanza upya kila aliposikia babu analia, alikuwa anahesabu kwa sauti. Ishirini na nane, ishirini na tisa. Kiwembe alikaa wima, masikio yamesimama, akingoja afunguliwe.